Kuwapiga picha bure wasio na picha: tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga picha wa harusi na sendofu hapa Morogoro, nina miaka 29. Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi yangu kupeleka sabuni na unga kwenye makazi ya wazee. Bibi mmoja alinishika mkono akaniomba nimpige picha, akasema hana hata moja. Nikampiga kwa simu, nikaondoka nayo. Tangu siku hiyo sina raha. Sasa tumejikusanya watano tunaotaka kuanzisha kikundi cha kujitolea, tuwapige picha bure wazee, akina mama wanaouguza watoto wodini, na vijana wanaolala mitaani. Tuna kamera nne na lenzi nzuri, fedha hatuna. Je, tusajili kwanza au tuanze kazi? Wafadhili tutawapataje? Na kuna ubaya wowote tukiweka picha hizo mtandaoni ili watu waione kazi yetu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Maneno niliyoyarudia kuyasoma katika barua yako ni yale ya "nikaondoka nayo". Kabla ya katiba, kabla ya jina la kikundi na fulana, rudi kwa yule bibi. Isafishe ile picha ya simu, hata kama mwanga wake haukuridhishi, itie kwenye bahasha, umkabidhi mkononi. Kisha keti naye umuulize kama anaipenda. Akisema haipendi, mpige nyingine. Ukishafanya hivyo utakuwa umeijua nusu ya kazi hii, na hayo mengine ninayokuandikia yatakuingia kwa urahisi.

Lugha yetu ina jambo ambalo sisi wapiga picha hulisahau. Mtu akitoka studio husema "nimepiga picha". Hajagusa kamera, lakini kitendo ni chake: kachagua siku, kavaa, kachana nywele, kaketi anavyotaka, kaondoka na picha. Mtu huyohuyo akielekezewa kamera na mgeni barabarani husema "nimepigwa picha", kama asemavyo kuhusu kofi. Wazee wa kwenye makazi wamepigwa picha mara nyingi kuliko unavyodhani. Kila anayeleta magunia ya mchele huja na mpiga picha wake, na mzee huwekwa mbele ya magunia akiwa na fulana iliyochanika begani. Picha hizo huzunguka kote isipokuwa kitandani kwake. Kikundi chenu kitakuwa na maana siku mzee atakapomwambia mwenzake wa kitanda cha pili, "Leo nimepiga picha."

Hamko peke yenu katika wazo hili. Mwaka 2009 mpiga picha Jeremy Cowart wa Nashville, Marekani, alianzisha Help-Portrait kwa utaratibu mwepesi: tafuta mtu mwenye shida, mpige picha, isafishe, mpe. Siku yao ya kwanza ilikuwa tarehe 12 Desemba 2009, na wapiga picha wa nchi nyingi wakaifanya siku hiyohiyo. Ninachokipenda katika utaratibu ule ni kwamba picha ni ya aliyepigwa. Mpiga picha harudi nyumbani na hazina ya nyuso za maskini kwa ajili ya maonyesho. Na kwetu pwani studio zilikuwa na adabu hiyo zamani sana. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, ilipokea watu wa kila tabaka, na aliyeingia alitoka ameheshimiwa kwa mwanga na kwa mkao. Kama mnatafuta mfano, angalieni picha za studio zetu za zamani kabla ya kuangalia picha za mashirika ya misaada.

Sasa nikwambie kosa letu, sisi wa kikundi changu kinachofanya kazi hiihii, kwa sababu ndilo lililonifundisha. Mwaka wetu wa kwanza tulikwenda kijijini na kamera tatu na taa mbili, tukapiga watu zaidi ya sitini kwa siku moja. Tukaandika majina daftarini tukawaahidi picha wiki ijayo. Maabara ya mjini iliharibikiwa mashine, kisha mwenzetu mwenye memori kadi akasafiri, kisha ikaja Ramadhani. Tulirudi baada ya miezi minne. Wazee wawili walikuwa wameshazikwa. Nyumbani kwa mmoja wao tulimkuta mwanawe amekata uso wa baba kwenye nakala ya kitambulisho cha NIDA, ameukuza mpaka umekuwa vidotidoti vya kijivu, akaubandika ukutani. Nami mfukoni nilikuwa na picha ya baba huyo akicheka, amevaa kofia aliyoazima kwa jirani. Yule kijana aliipokea kwa mikono miwili na wala hakutulaumu. Tangu siku ile hatujampiga mtu picha bila kuwa na njia ya kumpa picha yake kabla jua halijazama.

Kwa hiyo jibu la kwanza la fedha zenu ni hili: msinunue lenzi. Nunueni printa. Kamera mnazo nne, nyingi kuliko mnavyohitaji. Kwa kundi dogo, printa ndogo za kuhamisha rangi kwa joto, kama Canon Selphy, zinatosha kabisa. Karatasi yake ni ya saizi ya postikadi, milimita 100 kwa 148. Karatasi hupita mara nne: njano, waridi iliyokolea, buluu ya maji, kisha utando wa kinga unaoifanya isiharibiwe upesi na jasho la vidole. Picha moja huchukua chini ya dakika moja na hutoka kavu. Wino wake ni utepe, na karatasi huuzwa pamoja na utepe wake kwa hesabu kamili. Pakiti ya karatasi 108 ina tepe tatu za picha 36 kila mmoja. Ukiharibu picha moja umeharibu karatasi na kipande cha utepe pia, kwa hiyo hakuna kubahatisha.

Fanyeni hesabu hivi. Wazee 40, kila mmoja nakala mbili, moja yake na moja ya kumpa mtu. Hizo ni 80, na pakiti moja inatosha na ziada ya watakaoomba picha ya pamoja. Mpe kila mtu dakika tano mbele ya kamera. Kwa kamera moja ni saa tatu na dakika ishirini. Kwa kamera mbili ni saa moja na dakika arobaini. Siku ya watu 40 ni siku iliyojaa. Atakayewaambia mpige watu 200 ili ripoti ipendeze, mkatalieni.

Adui wa printa hii ni vumbi. Kwa kuwa karatasi hutoka nje na kurudi ndani mara kadhaa, chembe moja ya mchanga huchora mstari usoni mwa mtu. Iwekeni ndani ya chumba, mbali na mlango, isiwe chini ya feni, na mfunike karatasi ambazo hazijatumika. Msitegemee umeme wa pale. Pimeni siku moja nyumbani printa yenu inatoa picha ngapi kwa betri au inveta mliyo nayo, mwende na hesabu mnayoiamini. Anayesimamia printa asiwe mpiga picha anayekimbia huku na huku. Awe mtu mmoja, ameketi, hafanyi kazi nyingine.

Pia kila mtu apigwe kwanza akiwa ameshika kadi ya namba, ndipo picha zake zifuate. Namba hiyohiyo iandikwe daftarini mbele ya jina na kitanda chake. Bila kadi, saa nane mchana mtakuwa na sura arobaini na majina arobaini, na akina bibi wanne wanaoitwa Mwajuma.

Kuhusu mwanga, wewe ni mtu wa harusi, sitakufundisha kushika kamera. Lakini harusi humulika bibi arusi aliyepakwa poda, katika ukumbi wenye taa za rangi. Uso wa mzee mweusi mwenye makunyanzi unataka kitu kingine. Mwekeni barazani au karibu na dirisha, mwanga umfikie kwa ubavu, na upande wa pili msimamishe shuka jeupe lirudishe mwanga kidogo. Pimeni mwanga usoni, msiiachie kamera iamue. Akivaa kanzu nyeupe, kamera hudhani kuna mwanga mwingi na humzamisha uso. Ongezeni mwanga kwa nusu stopu (nusu hatua ya kipimo cha kamera) au zaidi, mhakikishe macho yanaonekana. Filamu na karatasi za rangi kwa miaka mingi zilisawazishwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zile zilizoitwa kadi za Shirley, na ngozi zetu zikalipa gharama yake. Leo kamera ni bora zaidi, lakini printa ndogo bado hukoleza weusi. Picha iliyo sawa kwenye skrini hutoka nzito kwenye karatasi. Safisheni picha moja ya majaribio asubuhi, muitazame nje kwenye mwanga wa jua, mrekebishe, ndipo muanze.

Kuna jambo moja linaloshinda taa zote. Kabla ya kubonyeza, muulize mzee, "Babu, picha hii utampa nani?" Niliambiwa nijaribu swali hilo na muuguzi mmoja mtu mzima, nami sijaliacha. Wengi hunyamaza kwanza. Kisha wanataja jina: mtoto aliye Mwanza, mjukuu ambaye hawajamwona, dada aliyebaki kijijini. Uso hubadilika kwa sababu sasa anamtazama mtu huyo na kamera ameisahau. Na wako watakaosema "sina wa kumpa". Hapo usiharakishe kusema neno la kufariji. Vuta kiti, keti. Mpige ukiwa tayari kumwambia, "Basi nakala ya pili nitabaki nayo mimi, ukiniruhusu." Maneno hayo uyaseme tu kama kweli utabaki nayo. Mimi ninazo saba nyumbani kwangu, ndani ya albamu ya familia.

Watayarisheni watu vizuri. Msusi na kinyozi wana thamani kuliko mpiga picha wa tatu. Chukueni kioo kikubwa, mafuta ya kupaka, vitana, kanga chache safi zisizo na majina ya wafadhili, mashati mawili matatu ya saizi tofauti, koti moja, baraghashia. Msilazimishe. Yupo atakayetaka kupigwa na kofia yake kuukuu kwa sababu ndiyo yeye. Kwa akina mama wanaojistiri, tengeni chumba chenye pazia, mpiga picha awe mwanamke, anayesafisha picha awe mwanamke, na picha isipitishwe kwa wanaume wa kundi kuitazama. Wako pia Waislamu wasioona sawa kupigwa picha kabisa. Mzee akisema hapana, mpe mkono, mle naye chakula, yaishe. Asisimame mtu kumweleza faida za picha.

Mpige picha nyingi kidogo, kisha umwonyeshe tatu achague yeye. Hapa wataalamu wengi tunashindwa, maana mzee atachagua ile uliyoiona ya kawaida: amesimama wima, mikono ubavuni, uso hauna tabasamu, kama picha za zamani. Ile yako nzuri ya macho yenye machozi na mwanga wa pembeni ataisukuma. Toa anayoitaka. Na asiyeona vizuri asikose zamu yake. Tulikuwa na mzee kipofu aliyetaka picha ya kumpelekea binti yake, na baada ya kuishika mkononi akaomba aelezewe. Kijana wetu mmoja alikaa naye nusu saa akimweleza jinsi kola ilivyokaa, mvi zilivyoshuka mpaka kwenye ndevu, mwanga uliangukia shavu lipi. Mzee alikuwa akipitisha kidole juu ya karatasi kufuata maneno.

Jingine litakalowashangaza: wengi wataomba picha ndogo za pasipoti. Msilidharau ombi hilo. Mzee anahitaji picha za fomu, za kitambulisho cha matibabu, za benki, na kwenda mjini kuzipiga ni nauli asiyo nayo. Wekeni kitambaa cha rangi inayotakiwa ukutani, pangeni picha ndogo kadhaa kwenye karatasi moja, na mkasi uwepo. Katika siku zetu nyingi, karatasi hiyo ndiyo iliyobadilisha maisha ya mtu upesi zaidi.

Halafu fremu. Huku kwetu kwenye unyevu, picha iliyobanwa moja kwa moja na kioo hunata, na siku ya kuitoa uso hubaki kwenye kioo. Ama wekeni mzingo wa kadi nene kati ya picha na kioo, ama msiweke kioo. Kwa mtu ambaye ukuta si wake, bahasha ngumu ya plastiki ni bora kuliko fremu, kwa sababu ataiweka chini ya mto au ataifunga ndani ya kanga pamoja na vyeti vyake. Nyuma ya picha andikeni kwa kalamu laini jina lake kamili, mahali na tarehe. Watakaoipata baada yake watahitaji hayo.

Nije kwenye mtandao. Umeuliza kama kuna ubaya. Upo, na nitakuambia kwa ukali kidogo kwa sababu hapa ndipo nimeona vikundi vizuri vikiharibika. Mzee aliyekuja kwenye makazi pengine watoto wake hawajui yuko pale, au wanajua na wanaona haya, au alimkimbia mtu. Mama aliye wodini na mtoto mgonjwa hajawaambia ndugu wa mume ugonjwa ni upi. Kijana wa mitaani leo anacheka kwenye picha. Baada ya miaka kumi anaomba kazi, na picha ile bado ipo. Ukurasa wenu ukipata watu elfu kumi wa kuisifu, hao wote hawatamsaidia siku hiyo.

Na sheria ipo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Habari za afya yake na za watoto zimewekewa ulinzi mkali zaidi, zinataka ridhaa ya maandishi. Kwa jirani zetu Kenya, mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Msiseme ninyi ni watu wa kujitolea tu. Sheria haiulizi kama ulilipwa.

Utaratibu wetu ni huu. Picha hutolewa kwanza. Ikishakuwa mkononi mwake, na amekwisha kunywa chai, mtu asiyekuwa mpiga picha wake humuuliza kama tunaweza kuitumia, wapi, na kwa muda gani. Humwonyesha kwenye simu hasa mahali itakapokaa, kwa sababu neno "mtandaoni" kwa bibi wa miaka themanini halina sura. Ukiomba ruhusa kabla ya kumpa, atakubali kwa kuogopa kukosa, na hiyo si ridhaa. Anayeshindwa kuelewa swali kwa ugonjwa au usahaulifu wa uzee, jibu lake tunalihesabu kuwa hapana, hata kama mlezi anatikisa kichwa kukubali. Watoto hatuwaweki kabisa. Mnasaini karatasi, nakala anabaki nayo yeye pia, ina namba ya simu ya kupiga akibadili mawazo.

Wafadhili wataona nini basi? Waonyesheni kiti kitupu kwenye mwanga wa dirisha, mikono iliyoshika bahasha, foleni kwa mgongo, daftari la namba bila majina, kinyozi kazini, nyuso zenu wenyewe. Waambieni: mwaka huu tulikwenda mara tatu, tumetoa picha 230, zilizobaki kutolewa ni sifuri. Nilikutana na mfadhili mmoja aliyetaka "picha za kabla na baada", mzee akiwa mchafu kisha akiwa safi. Tulikataa fedha zake, na mwaka ule tulipata shida ya karatasi kweli. Ningekataa tena.

Faili zenyewe hatuzifuti. Wako wanaosema uzifute mara moja kwa usalama, na nawaelewa. Lakini picha ya karatasi hupotea, hulowa, huibwa na mkoba. Miaka miwili baada ya siku moja ya kazi, mjukuu alitupigia simu usiku. Bibi amefariki, picha haionekani, mazishi ni kesho. Tulifungua daftari tukatafuta namba, picha ikasafishwa asubuhi kabla ya saa mbili. Kwa hiyo hifadhini kwenye diski mbili zenye nywila, nyumba mbili tofauti, zisiwe kwenye simu za watu wala kwenye kiungo cha wazi. Muambieni kila mtu kwamba mnahifadhi, kwa nini, na kwamba akitaka mfute mtafuta. Simu za wanaojitolea siku ya kazi zikae kwenye mfuko mmoja.

Kwa yale makundi matatu uliyotaja, anzeni na wazee peke yao, mwaka mzima. Wodi ni kazi nyingine. Iko taasisi ya Marekani, Now I Lay Me Down to Sleep, iliyoanza Colorado mwaka 2005, inayowapiga bure wazazi picha na watoto wao wachanga waliofariki au wanaokaribia kufariki. Hizo huwa picha pekee ambazo familia itakuwa nazo za mtoto yule. Wapiga picha wake hupewa mafunzo maalumu kabla ya kuingia chumbani, na hiyo ndiyo sababu naitaja: nia njema haitoshi mahali kama hapo. Mkitaka kufika huko, mtakwenda kwa mwaliko wa hospitali, pamoja na ustawi wa jamii wa hospitali, mkiwa wawili wawili, baada ya kujifunza. Na vijana wa mitaani msiwafuate usiku na taa zenu. Tafuteni kituo ambacho tayari wanakiamini, muwe wageni wa kituo hicho. Hakuna mtu mzima wa kundi lenu anayebaki peke yake na mtoto, hata dakika mbili za kubadili betri.

Kusajili: siku moja ya kuwatembelea wazee kwa mwaliko wa makazi haihitaji shirika. Andikeni barua kwa afisa mfawidhi wa makazi, nakala kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, mseme wazi mnafanya nini, wangapi, saa ngapi, na picha zitakwenda wapi. Lakini mkianza kuchangisha kwa jina la kikundi na kufungua akaunti, sajilini. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, atawaambia kama hali yenu ni kikundi cha kijamii cha hapohapo au shirika lisilo la kiserikali chini ya sheria ya mwaka 2002, ambalo husajiliwa kwa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Shirika lina ripoti na ada za kila mwaka, na anayeziandika asiwe mtu ambaye pia anabeba taa. Msikimbilie ngazi ya taifa kwa sababu ya heshima ya cheti.

Fedha za mwaka wa kwanza zitoke kwenu na kwa wateja wenu. Wewe ni mtu wa harusi: weka kwenye bei yako kiasi kidogo, umwambie bibi arusi kwamba kila albamu yake inalipa picha za wazee kumi. Maabara unayosafishia kazi zako waombe karatasi za printa yenu badala ya fedha. Wanaopenda kazi yao hawakatai kirahisi. Duka la fremu huwa na vipande vilivyobaki. Usiombe kamera. Watu watakupa kamera zao mbovu na utashindwa kukataa.

La watu wenu watano: mna wapiga picha wangapi kati yenu? Kama ni wote watano, bado hamna kikundi. Kwa kamera mbili mnahitaji mpokeaji mwenye daftari, mtu wa nywele, mtu wa printa, mtu wa kuketi na wanaosubiri, na mmoja wa kuwapeleka wazee na kuwarudisha taratibu. Mpokeaji ndiye uso wenu. Tafuteni mtu mwenye subira anayejua kuamkia. Anayekuja ili apate picha za kuonyesha uwezo wake, mwambieni mapema kwamba hatazipata. Wengine wataondoka, na wachache watakaobaki ndio mnaowataka. Nendeni mara tatu kwa mwaka, msizidishe. Wale wanaotangaza kila mwezi, nimewaona wakichoka mwezi wa tano, na wazee wakabaki wanauliza mlangoni.

Na kabla ya kukunja shuka na kufunga printa, hesabu karatasi zilizobaki. Kisha waite mpishi, mlinzi, na wale dada wanaowaogesha wazee kila asubuhi. Watasema wao hawapo kwenye orodha, watakuwa wameshavua aproni zao nyuma ya mlango. Wapeni kioo, na dakika tano kila mmoja.